Rodi mbili, pembe moja: shajara ya kurekebisha usukani wa pikapu iliyonyanyuliwa

Siku ya 1

Gari linalohusika ni pikapu ya Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 79, yenye injini ya dizeli ya 1HZ na usukani wa kulia, ambalo kazi yake ni kubeba maji, mahema na mafuta kutoka Arusha hadi kambi moja iliyo upande wa Ziwa Natron. Miezi michache iliyopita nililinyanyua kwa milimita 75 kwa kuweka springi ndefu za koili pamoja na shokapu zake, kisha nikaondoa matairi ya 235/85R16 na kufunga ya 285/75R16. Hesabu ya matairi ni nyepesi: la zamani lina kipenyo cha takriban milimita 806 na jipya 834, kwa hiyo eksele yenyewe imepanda kutoka ardhini kwa milimita 14 tu. Zile 75 za springi ni jambo jingine kabisa, kwa sababu zimeongeza umbali kati ya eksele na chasisi, na ni umbali huo unaobadilisha pembe za kila kitu kinachounganisha viwili hivyo.

Tangu wakati huo gari halijanipa raha. Kwenye lami, likifika kilomita 80 kwa saa, linatangatanga kama mtu anayetafuta nyumba asiyoijua, na baada ya kona usukani haurudi wenyewe. Kwenye rasta za barabara ya vumbi usukani unatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi.

Leo sikushika spana. Nimepima tu, katika gereji ninayopanga sehemu pale Unga Limited, na kazi ya kwanza ilikuwa kupata usawa, maana sakafu ya saruji ilikuwa na mteremko ambao macho hayauoni. Nilitumia mpira wa maji wa waashi, nikaweka vipande vya bati chini ya matairi mawili hadi usawa ukapatikana. Ndipo nikaweka kipima-pembe juu ya kifuniko cha beringi ya juu ya kingpini, ule mhimili ambao gurudumu la mbele hugeuka juu yake, kila upande. Kasta, yaani ule mwinamo wa kingpini kuelekea nyuma unaoufanya usukani urudi wenyewe kama gurudumu la mbele la baiskeli linavyojinyoosha, ilisoma sifuri upande wa kulia, na kushoto ilikuwa chini ya sifuri kidogo. Gari la jirani la aina hiyohiyo ambalo halijanyanyuliwa lilisoma karibu digrii 3.

Sababu yake si fumbo. Toyota ilipoacha springi za majani kwenye eksele ya mbele ya pikapu hizi mwaka 1999, eksele ilianza kushikiliwa na mikono miwili mirefu inayotoka kwenye chasisi kwenda mbele. Chasisi ikipanda, mikono hiyo inainama mbele, nayo eksele inazunguka pamoja nayo, ncha ya juu ya kingpini ikisogea mbele. Kasta inapotea hapohapo, hata kama kila kipuri ni kipya.

Halafu kuna rodi mbili za kukingama. Ya kwanza ni rodi ya Panhard, iliyorithi jina la kampuni ya magari ya Kifaransa, ambayo inatoka kwenye chasisi upande wa kulia na kushuka hadi kwenye eksele upande wa kushoto, na kazi yake ni kuizuia eksele isiteleze pembeni. Ya pili ni draglinki, inayotoka kwenye mkono wa boksi ya usukani upande wa kulia na kwenda mbele ya eksele hadi kwenye mkono wa gurudumu la kushoto. Tairodi, inayounganisha magurudumu mawili, iko nyuma ya eksele na haihusiki na mnyanyuo, kwa kuwa ncha zake zote mbili zimo kwenye eksele.

Rodi ya Panhard ina urefu wa milimita 900 kutoka katikati ya bushi hadi katikati ya bushi, na ncha yake ya kushoto iko chini ya ile ya kulia kwa milimita 135. Draglinki ina urefu wa 950 na inashuka kwa 140. Kwa pembe, ni digrii 8.6 na 8.5. Nilipaswa kuzitazama namba hizo mbili kwa utulivu kabla ya kulala. Niliziandika tu daftarini nikafunga.

Jambo la mwisho la leo lilikuwa timazi. Nilining'iniza timazi mbili kutoka kwenye chasisi hadi kwenye eksele na kugundua kwamba eksele imevutwa kulia kwa milimita 8. Hesabu inakubaliana: rodi ile ilipokuwa inashuka kwa 60 tu, kabla ya kunyanyua, ilifika pembeni milimita 898, sasa inafika karibu 890.

Siku ya 2

Kingpini. Nilinyanyua gurudumu la kushoto kwa jeki, nikashika tairi juu na chini na kulitikisa, nikasikia mlio mdogo uliotosha. Baada ya kutoa tairodi na draglinki nilivuta mkono wa gurudumu kwa mizani ya ndoano, ile ya kupimia magunia, na mkono ukaanza kuzunguka kwa kilo 1.5 tu. Beringi zilikuwa zimechongeka alama za mistari pale roli zinapokaa gari likienda moja kwa moja. Nimeweka mpya pande zote mbili, nikapunguza shimu moja nyembamba (kibati cha kurekebishia mkazo wa beringi), na mizani sasa inasoma kilo 4.

Muuza vipuri alinishauri badala ya haya yote nifunge shokapu ya pili ya usukani. Sina ugomvi na shokapu ya usukani, ila ile hupunguza mtetemo uliokwishazaliwa, haiuzuii kuzaliwa. Gari lenye beringi zilizochoka na shokapu mbili za usukani litaficha ugonjwa hadi siku ambayo shokapu zenyewe zitachoka.

Siku ya 4

Nimefunga bushi za kasta kwenye mikono ya eksele, zile ambazo tundu la bolti halipo katikati. Kuzitoa za zamani kulichukua saa tatu kwenye presi, na kuziingiza mpya kulichukua dakika ishirini, ambazo nyingi zilikwenda katika kuhakikisha alama ya kila bushi inatazama pale inapopaswa, kwa kuwa bushi ikikaa kinyume itaondoa kasta badala ya kuiongeza. Bolti za bushi hizi nilizikaza gari likiwa limesimama kwa matairi yake, si likiwa juu ya stendi, ili mpira usikae umejipinda muda wote.

Kipimo kipya ni digrii 2.6 kulia na 2.4 kushoto. Gari sasa linanyooka lenyewe baada ya kona, na njia nzima hadi Njiro na kurudi niliweza kuendesha kwa mkono mmoja. Gharama yake ni kwamba kuizungusha eksele ili kasta irudi kumeielekeza shingo ya difu chini, na kwa hiyo krosi joini, yaani kiungo, ya propela ya mbele inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu inafanya kazi katika pembe kali zaidi. Kwa kuwa habu za gari hili hufungwa kwa mkono, propela hiyo haizunguki gari likisukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu, na hilo litasubiri.

Siku ya 6

Leo ni draglinki. Nilipoiacha eksele ining'inie hadi mwisho wa shokapu, niliona kwamba shingo ya kitufe cha chuma kilicho kwenye ncha ya draglinki imefika ukingoni mwa kikombe chake. Kitu hicho kikigonga ukingo mara elfu kwenye makorongo, ipo siku kitakatika, na draglinki ikikatika hakuna usukani tena. Niliamua kuihamisha ncha ya kushoto kutoka chini ya mkono wa gurudumu hadi juu yake, jambo ambalo lingeipandisha kwa takriban milimita 65 na kuilaza rodi.

Fundi wa kuchomelea wa jirani, mzee ambaye mikono yake imejenga nusu ya mageti ya Sombetini, alikuja kutazama.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Hiyo rodi, kijana, mbona kazi ndogo? Tunaipasha moto, tunaikunja hapa na hapa, jioni unaondoka nayo.”

“Naomba tusiipashe, mzee. Ikipata moto ugumu wake unaondoka, na hii ndiyo inayoshika usukani wenyewe.”

“Haya. Gari lako, roho yako.”

Aliondoka akicheka, lakini sitabadili msimamo wangu hapo: mkono wa gurudumu na draglinki havipashwi moto, havikunjwi wala haviungwi kwa kuchomelea. Ubaya wake ni kwamba tundu la mkono lina mwinamo wa 1 kwa 8, pana chini na jembamba juu, na nilihitaji kinyume chake. Nilinunua mkono mwingine wa mtumba ili ule wa asili ubaki salama, nikaupaka rangi ya kupenya nyufa na kuukuta mzima. Mkereza vyuma alilipanua tundu lake kuwa la duara lililonyooka, akakereza bushi ya chuma yenye ukingo upande wa juu, tukaiingiza kwa presi, ndipo akapitisha rima, kifaa cha kuchonga tundu, ya mwinamo ule ule kutoka juu. Ncha ilikaa bila kucheza hata chembe. Nilijipongeza mno, na huo ndio mwanzo wa siku ya 7.

Siku ya 7

Kwenye lami ya barabara ya Namanga, kutoka Sakina hadi Ngaramtoni na kuendelea, gari lilikuwa tulivu kuliko lilivyowahi kuwa tangu linyanyuliwe. Karibu na Oldonyo Sambu niliingia njia ya vumbi. Bonde la kwanza, gari likazama kwenye springi zake, na bila mimi kugusa chochote likaelekea kulia. Bonde la pili, kulia tena. Kila mbele ilipobonyea, magurudumu yaligeukia kulia, na ilipopanda yalirudi. Kwa sisi tunaoendesha kushoto, kulia ndiko anakotoka mwenzako. Bodaboda iliyokuwa na abiria wawili ilikuja kutoka mbele, nikasimama kabisa pembeni kuisubiri ipite kuliko kukutana nayo ndani ya bonde. Nilirudi Arusha kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa.

Siku ya 8

Sikwenda gereji. Nilikaa mezani na daftari la siku ya 1, na aibu ilinipata mapema.

Rodi inayoshuka kwa pembe haifiki mbali pembeni kama inayolala. Eksele inapopanda, rodi inalala, na ncha yake inasukumwa kushoto. Springi zikibonyea kwa milimita 50, rodi ya Panhard yenye urefu wa 900 inatoka kwenye mshuko wa 135 hadi 85, na ncha yake inasogea kushoto kwa milimita 6.2, ikiisukuma eksele nzima. Draglinki ya asili, iliyokuwa inatoka 140 hadi 90, ilisogea kwa 6.1. Eksele ikaenda kushoto, draglinki ikaifuata hatua kwa hatua, na magurudumu hayakujua lolote. Hivyo ndivyo waliolibuni walivyokusudia, na hivyo ndivyo lilivyobaki hata baada ya mimi kulinyanyua: zile digrii 8.6 na 8.5 zilikuwa zinaniambia kwamba rodi mbili bado ni ndugu.

Kisha mimi nikamlaza ndugu mmoja. Draglinki mpya inashuka kwa 75 tu, na springi zikibonyea kwa 50 inafika 25, ikiwa imesogea kushoto kwa milimita 2.6. Eksele imekwenda 6.2. Tofauti ya milimita 3.6 inauvuta mkono wa gurudumu kulia, na kwa kuwa mkono huo una urefu wa milimita 180 na unatazama mbele, magurudumu yanageuka kulia kwa zaidi ya digrii 1. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, digrii moja isiyotarajiwa si kitu kidogo.

Draglinki iliyolala ni nzuri kweli, na tatizo la ncha kugonga kikombe limekwisha. Sharti lake ni kwamba rodi ya Panhard ilale vilevile. Nilikuwa na njia mbili: kuirudisha draglinki chini, au kuipandisha ncha ya Panhard iliyo kwenye eksele. Nilichagua ya pili, kwa sababu ikipandishwa milimita 70 itashuka kwa 65 badala ya 135, na kubonyea kwa 50 kutaisogeza eksele kwa milimita 2.2 dhidi ya 2.6 za draglinki. Tofauti ya 0.4 dereva hawezi kuihisi.

Siku ya 10 hadi 12

Nilimrudia mzee wa kuchomelea, safari hii na karatasi yenye mchoro. Hakucheka. Aliuliza maswali mawili tu: nguvu inatoka upande gani, na mgongo wa braketi utaegemea nini. Hayo ndiyo maswali yenyewe, maana braketi ndefu iliyosimama peke yake juu ya eksele hupokea nguvu za pembeni za gari zima na huchanika kwenye mzizi. Tulikata bamba la milimita 8, tukalifanya lishike bolti ya braketi ya asili chini, likapanda hadi tundu jipya milimita 70 juu, na tukaongeza tegemeo la mshazari lililokwenda kulala juu ya bomba la eksele.

Elektrodi zilikuwa za 7018, ambazo haziwezi kuvumilia unyevu, na nilizikausha katika oveni ya nyumbani, jambo ambalo mama wa nyumba yangu amelihifadhi kwa matumizi ya baadaye. Tuliondoa waya za betri, tukavua tairi na paipu ya breki ya upande ule, na mzee alichomelea vipande vya sentimita tatu tatu, akihama upande hadi upande na kuacha chuma kipoe, ili bomba la eksele lisijipinde kwa joto. Umeme ulikatika mchana wa siku ya 11 na kazi ikalala hadi asubuhi. Nilikuwa nimepima mwinamo wa uso wa habu kabla ya moto, na baada ya kupoa kabisa ulikuwa umebadilika kwa digrii 0.1, kiasi ninachoweza kuishi nacho.

Rodi ya Panhard ya kurefushwa niliyokuwa nimeinunua kwa bei ya kuumiza ili kuirudisha eksele katikati haikuhitajika tena. Kwa mshuko wa 65, rodi ya asili inafika pembeni milimita 897.7, na timazi zilionyesha eksele imerudi mahali pake. Iko kabatini, mwenye kuihitaji aje.

Siku ya 13

Leo niliziondoa springi za mbele na kuipandisha eksele kwa jeki hadi ikagusa mipira ya kuzuia eksele isigonge chasisi, kisha nikazungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Ukaguzi huu unachosha, lakini nimeshaona draglinki ya mtu iliyopinda kwa sababu yake. Draglinki yangu iligusa sehemu ya chini ya chasisi milimita chache kabla ya mpira kufanya kazi yake. Nimeweka kipande cha milimita 25 chini ya kila mpira wa kuzuia, na sasa kuna nafasi ya milimita 12. Maana yake nimepoteza milimita 25 za safari ya springi kwenda juu.

Usukani niliutafutia katikati kwa kuhesabu mizunguko ya boksi kutoka mwisho hadi mwisho na kurudi nusu, nikafunga draglinki magurudumu yakiwa yamenyooka, badala ya kung'oa usukani na kuurudisha umenyooka juu ya boksi iliyopinda. Matairi ya mbele yamekaribiana kwa upande wao wa mbele kuliko kwa upande wao wa nyuma kwa milimita 2. Nati za ncha zimekazwa kwa nyutoni-mita 90 na kila moja ina kotapini mpya.

Siku ya 15

Safari yenye mzigo: Makuyuni, Mto wa Mbu, Selela, Engaruka, hadi Engare Sero, nikiwa na madumu ya maji na mapipa mawili ya dizeli. Nilirudia makusudi mabonde yale ambayo kwa kawaida huyazungukia. Gari linazama na kuinuka likiwa limenyooka. Kwenye rasta usukani unatikisika kidogo kama ulivyo wa gari lolote la eksele nzima, na mtikisiko unakufa wenyewe. Jambo ambalo sikulitarajia kwa kiasi hiki ni kwamba mwili wa gari haulali sana kwenye kona kama zamani. Kuipandisha rodi ya Panhard kumepandisha pia kitovu ambacho gari huyumba kukizunguka, na kwa gari lililobeba mapipa hilo linaonekana.

Katika mchanga, karibu na mwisho wa safari, nilifunga habu na kuingiza magurudumu manne. Hadi kilomita 40 kwa saa palikuwa kimya. Kufika 50, mtetemo ulianza sakafuni chini ya miguu yangu, nikaondoa mguu ukatoweka.

Siku ya 24

Baada ya takriban kilomita 500 nimepitia kila bolti. Nati moja ya mkono wa eksele upande wa kulia ilikubali kuzunguka kidogo; nyingine zote zimetulia. Mizani kwenye kingpini inasoma kilo 3.5, na mishono ya braketi niliipaka rangi ya nyufa bila kuona mstari wowote. Ukingo wa bushi kwenye mkono wa gurudumu haujasogea. Niliuwekea alama ya kalamu siku ya 13 na alama bado imekutana.

Nimeitoa propela ya mbele. Krosi joini ya upande wa difu ina alama za kung'aa pale inapokaribia kugusa uma wake, na pembe yake haifanani na ile ya upande wa gia boksi. Kesho naipeleka kwa mkereza vyuma tujue kama uma unaweza kuchongwa nafasi bila kudhoofika, na hadi jibu lipatikane gari litatembea bila propela hiyo, kwenye lami tu.